Likizo ya vuli: Jinsi familia inavyoweza kuzuru Pwani bila kula karo ya Januari

Kila mwaka mambo huwa ni yale yale. Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, vituo vya mabasi jijini Nairobi hufurika abiria, nauli za kuelekea Mombasa na magharibi mwa nchi hupanda hata maradufu, nazo hoteli za Pwani hutangaza kwamba vyumba vimejaa. Wiki mbili baadaye, wazazi wale wale waliokuwa wakipunga upepo ufuoni huonekana kwenye vyama vya akiba na mikopo wakiomba fedha za karo. Wakenya wameupa mwezi huo jina la utani la Njaanuari, na jina hilo halikuzuka bure.

Ilhali kuna kipindi cha takriban wiki saba, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Desemba, ambapo likizo ile ile, katika ufuo ule ule, hugharimu pungufu mno. Kipindi hicho wengi hukiacha kipite, si kwa kukosa uwezo, bali kwa mazoea ya kuamini kuwa likizo ni Krismasi na Krismasi ni likizo.

Kwa watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, hayo ni majira ya majani kupukutika, na baadhi ya wafasiri huyaita vuli. Kwetu Afrika Mashariki, vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Ni maana mbili za neno moja, lakini soko la utalii limezikutanisha. Watalii kutoka ng'ambo huja kwa wingi mwezi wa Julai na Agosti, kisha hurejea kuanzia Desemba hadi Machi wakikimbia baridi ya kwao. Mnamo Oktoba huwapo wimbi dogo la familia za Uingereza na Ujerumani zinazotumia likizo fupi za shule zao. Wimbi hilo likishapita, hoteli hubaki na vyumba vitupu na wafanyakazi wa kulipwa mishahara. Hapo ndipo bei hushuka, na hapo ndipo mgeni wa humu nchini hukumbukwa.

Ni haki kusema kwamba zamani hakukumbukwa sana. Mkenya alitafutwa pale tu mgeni wa nje alipotishika, kama ilivyokuwa baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997, machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na mashambulizi ya kigaidi ya 2013 na 2014. Mambo yalianza kubadilika kwa dhati mwaka 2020, safari za ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai kwa sababu ya janga la corona. Wenye hoteli walijionea kuwa aliyebaki kulipa ni mwenyeji. Tangu hapo, bei ya wenyeji imekuwa jambo la kawaida katika hoteli nyingi, mradi mgeni aonyeshe kitambulisho cha kitaifa anapojiandikisha. Anayekisahau nyumbani anaweza kutozwa bei ya mgeni wa nje.

Kalenda ya shule nayo inaunga mkono safari ya vuli. Tangu ratiba ya masomo irejee hali yake ya kawaida mwaka 2023, muhula wa tatu umekuwa ukifungwa katika wiki ya mwisho ya Oktoba au karibu na hapo. Wanafunzi wasio na mitihani ya kitaifa huwa huru kuanzia siku hiyo hadi mapema Januari. Hiyo ni miezi miwili na ushei, na ajabu ni kwamba familia nyingi huichagua ile wiki moja iliyo ghali kupita zote.

Kikwazo kikubwa, kwa hakika, huwa ni kazi ya mzazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Sheria hiyo haisemi kuwa siku hizo zichukuliwe Desemba. Afisini ambako kila mtu huomba ruhusa kuanzia tarehe 20 Desemba, anayeomba siku tano za Novemba huenda akapata jibu la haraka kuliko wenzake, hasa akiwasilisha ombi lake Septemba.

Usafiri ndio sehemu ya kupangwa kwanza, maana ndio unaotofautiana zaidi kati ya majira na majira. Nauli ya garimoshi la Madaraka Express, lililoanza safari kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, huwa haipandishwi kwa sababu ya sikukuu. Tangu Januari 2024, daraja la kawaida limekuwa Sh1,500 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na daraja la kwanza Sh4,500. Watoto wa kati ya miaka mitatu na 11 hulipa nusu. Kwa hivyo baba, mama na watoto wawili wa umri huo huhitaji Sh4,500 kwenda katika daraja la kawaida, na Sh9,000 kwenda na kurudi. Tatizo la Desemba katika garimoshi si bei bali nafasi. Tikiti huisha mapema, na aliyezikosa hurudi kwenye basi la bei maradufu. Novemba, hasa siku za katikati ya wiki, viti hupatikana bila kuhangaika.

Ndege hufuata kanuni nyingine. Mashirika ya bei nafuu, likiwemo Jambojet lililoanza safari Aprili 2014, hupandisha nauli kadiri viti vinavyonunuliwa. Anayenunua majuma sita kabla ya safari ya Jumanne hulipa nauli tofauti kabisa na anayenunua siku mbili kabla ya Ijumaa. Mizigo nayo yafaa iulizwe, kwani nauli ya chini kabisa huenda isijumuishe begi la kupakiwa tumboni mwa ndege.

Wanaotumia magari yao binafsi wana sababu nyingine ya kuikwepa Desemba, nayo ni usalama. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, watu 36 waliangamia katika ajali moja pale Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, na safari za usiku za magari ya abiria zikapigwa marufuku kwa muda. Barabara ya Mombasa haina rehema zaidi ya hiyo msongamano wa sikukuu unapokutana na malori ya mizigo.

Tukija kwenye malazi, tangazo lenye neno "ofa" halitoshi. Bei nyingi za hoteli za ufuoni hutajwa kwa mtu mmoja anayelala chumba kimoja na mwenzake, wala si kwa chumba kizima. Kwa mfano wa hesabu tu, bei ya Sh8,000 kwa kila mtu ni Sh16,000 kwa wazazi wawili, na watoto wawili wakitozwa nusu, jumla yawa Sh24,000 kwa usiku mmoja. Nyumba ya kukodi ya vyumba viwili yenye jiko, ikiwa ni Sh9,000, itaacha Sh15,000 za samaki, nazi, mboga na nauli ya tuk-tuk, na familia haitaweza kuzimaliza kwa siku moja hata ikijaribu. Kwa upande mwingine, mama ambaye mwaka mzima amekuwa akipika na kuosha vyombo ana haki ya kuuliza ni likizo ya nani hiyo, ikiwa jiko limemfuata hadi Diani. Suala hilo linafaa kutatuliwa nyumbani kabla ya kulipa, si ufuoni.

Maswali ya kuiuliza hoteli ni machache, lakini yana uzito. Bei inajumuisha milo mingapi? Watoto wa umri gani hulala bure katika chumba cha wazazi? Je, ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zimo ndani ya bei au zitaongezwa mwishoni? Mgeni akiahirisha, fedha zinarudishwa au zinahamishiwa tarehe nyingine? Wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya hoteli nyingi huongeza karamu ya lazima ya mkesha na kudai mgeni alale siku tatu au zaidi. Novemba masharti hayo huwa hayapo, na meneja wa hoteli yenye vyumba vitupu husikiliza anayetaka kupunguziwa.

Yafaa pia kuipima punguzo yenyewe. Tangazo linalosema bei imeshuka kwa asilimia 50 halina maana mpaka ijulikane imeshuka kutoka wapi. Njia rahisi ni kuuliza bei ya chumba hicho hicho kwa Februari na kwa Novemba kisha kulinganisha. Mara nyingine "punguzo" huwa ni bei ya kawaida ya msimu iliyovishwa kilemba.

Walaghai nao wanaijua kalenda. Mtindo wao ni ule ule: picha za nyumba maridadi ya Nyali au Diani huwekwa mtandaoni, bei huwa ya kutamanisha, na mteja huharakishwa atume arubuni kwa nambari ya simu ya mtu binafsi kabla "mwingine hajaichukua." Familia huwasili ikiwa na mizigo na watoto waliochoka, na kuambiwa na mlinzi langoni kwamba mwenye nyumba hamjui mtu huyo. Kampuni za utalii na hoteli hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na wakala wa kweli haoni haya kuonyesha leseni yake. Malipo yaende kwa akaunti au nambari ya malipo yenye jina la kampuni. Kwa nyumba ya kukodi, simu ya video ambapo mwenyeji anatembea vyumbani na kufungua bomba la maji hugharimu dakika tano tu.

Mvua ndiyo hoja ya wanaoipinga Novemba, na si hoja ya kupuuzwa. Kwa kawaida, mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa ni Mei. Mvua za vuli hunyesha kwa vipindi, na jua hutoka tena. Bahari yenyewe wakati huo huwa katika tanga mbili, pepo za kusi zikiwa zimekwisha na kaskazi haijashika, hivyo maji huwa matulivu na yanafaa kwa watoto na kwa wanaotaka kuona samaki katika hifadhi za baharini za Watamu na Kisite. Lakini kuna miaka ambayo vuli hugeuka gharika. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023, mafuriko yalipokata barabara na kuwahamisha maelfu ya watu. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba kabla msimu haujaanza. Mwaka ambao utabiri unataja mvua kubwa, afadhali kulipia malazi yanayoruhusu kuahirisha, hata kama bei imezidi kidogo.

Tahadhari hiyo ni ya lazima zaidi kwa wanaoelekea bara. Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha hupendwa na familia kwa kuwa huruhusu wageni kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, jambo nadra katika mbuga zetu. Hata hivyo, mnamo Septemba 2019 watu saba walisombwa na maji yaliyoingia ghafla katika korongo la mbuga hiyo, ingawa mvua ilikuwa imenyesha mbali na walipokuwa. Askari wa mbuga akisema korongo limefungwa, mjadala uishie hapo. Ada za kuingia mbuga za KWS zimekuwa zikibadilika. Bei ya kuaminika ni ile inayoonekana kwenye mfumo wa eCitizen siku ya kulipa. Katika baadhi ya mbuga hizo zimo nyumba za kujipikia, ambazo gharama yake ikigawanywa kwa familia mbili huwa si mzigo.

Huko Pwani, mengi ya kuwafurahisha watoto hayahitaji tikiti ghali. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi hauna kiingilio. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali na kuacha vidimbwi vyenye kaa na viti vya pweza. Ni somo la sayansi lisilo na ubao, mradi mtu mzima awe akitazama maji yanaporudi. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na magofu ya Gedi yaliyoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2024, hutoza mwananchi kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje. Wanaoshukia kituo cha Miritini na kuelekea Diani wanaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu badala ya kivuko cha Likoni, ingawa kwa anayetembea kwa miguu feri bado ni bure.

Kuna familia ambazo mpango huu hauzifai ulivyo. Mwenye mtahiniwa wa KCSE hawezi kuondoka kabla ya karatasi ya mwisho, ambayo kwa kawaida hufanywa baada ya katikati ya Novemba. Wa gredi ya sita na ya tisa humaliza mapema zaidi. Kwa mzazi wa mtahiniwa wa kidato cha nne, wiki zinazobaki ni tatu hivi, kati ya siku ya mwisho ya mtihani na tarehe 15 Desemba au karibu na hapo. Zinatosha kwa siku nne za Mombasa, kurejea, kufua nguo, kisha kwenda mashambani kula Krismasi na nyanya, ambaye hatozi malazi.