Umeme Kabla ya Mgeni: Bonde la Ruzizi na Hoja ya Utalii Endelevu

Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika mita 770 hivi. Mto Ruzizi unaushuka mteremko huo wote kwa mwendo usiofika kilomita 120, na sehemu kubwa ya mporomoko huwa imekwisha kabla mto haujaingia tambarare. Kwa hiyo maji yanayopita mashariki ya Bwegera, upande wa Kongo wa tambarare hiyo, yamekwisha zungusha mitambo mara mbili: kwenye bwawa la Ruzizi I, lililoanza kazi 1958 likiwa na karibu megawati 30, na Ruzizi II la 1989, lenye karibu megawati 44, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia shirika la SINELAC. Hata hivyo, giza likiingia kando ya barabara ya taifa namba 5, muuza vitumbua anaangaziwa na kitaa kidogo cha sola au tochi ya simu, na sufuria ya maharagi inachemkia juu ya mbabula ya makala. (Kwa Kiswahili cha huku makala ni mkaa, na mwandishi wa makala ya kitaaluma hana budi kuuvumilia mzaha huo.) Mto umetoa nguvu yake, nayo nguvu imewapita wanaoishi kando yake.

Mjadala wa utalii endelevu una desturi ya kuanzia juu ya paa la hoteli. Huhesabiwa paneli na taa zisizokula umeme mwingi, kisha hoteli hupewa cheti. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Sydney na kutolewa 2018 ulikadiria kuwa utalii huchangia takriban asilimia 8 ya gesi joto duniani, na safari yenyewe ni sehemu kubwa ya mzigo huo. Mgeni aliyeruka kutoka Brussels hadi Kigali, akashuka kwa gari mpaka ziwani, hawezi kufidia safari hiyo kwa paneli za hoteli alimolala siku tatu. Ninachodai ni kwamba kaskazini mwa Tanganyika mpango ugeuzwe: umeme wa wenyeji utangulie, na usijengwe juu ya matarajio ya mapato ya wageni. Utalii ukija, ukute nyaya zimeshapita.

Ushahidi wangu mkubwa uko katika hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa 1925, iliamua kuzalisha umeme kwa mito inayotoka ndani yake: kituo kidogo cha Mutwanga kikawaka 2013, Matebe chenye megawati 13 hivi kikafuata 2015, kisha Luviro. Wakati huohuo iliwekeza katika utalii wa sokwe na wa volkano ya Nyiragongo. Miguu miwili, basi, na historia ikaipima yote. Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa na mlinzi wa kike aliyekuwa nao akauawa. Hifadhi ikafungia wageni hadi Februari 2019. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukafunga tena, na vita vilivyofufuka mwishoni mwa 2021 vikaziba kilichobaki wazi. Mguu wa utalii ulivunjika mara tatu ndani ya miaka minne. Katika vipindi hivyo Matebe iliendelea kuzunguka na kulisha wateja wa Rutshuru na Goma: wenye vinu vya kusaga, vinyozi, mafundi wa kuchomelea. Luviro nayo, ilipokosa wateja wa kutosha, ilianza 2020 kuuza nguvu yake kwa mashine za bitikoini. Jambo hilo limechekwa na kulaumiwa, nami silipendi sana, lakini linathibitisha kitu: megawati hupata mnunuzi hata pale ambapo kitanda cha hoteli hakipati mlalaji.

Mpinzani atasema Virunga ilibebwa na fedha za wafadhili, Umoja wa Ulaya ukiwa mmojawapo, na kwamba mji wa Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Tanganyika, hauna sokwe wa kumvutia mfadhili. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito kuliko watetezi wengi wanavyokubali. Ila Uvira haihitaji kubuni chanzo kipya cha umeme. Maporomoko yamo, mabwawa yamo, na mradi wa Ruzizi III umepangwa kutoa megawati 206 zitakazogawanywa kwa nchi tatu. Kinachokosekana ni transfoma na nyaya za kuuteremsha umeme huo vijijini, na hizo ni gharama za kiwango kingine kabisa. Kuna pingamizi la pili, kwamba waya haumalizi makala: maharagi huchukua saa nyingi kuiva, na anayelipwa kwa siku hununua mkaa kwa siku. Hapo nakubali. Umeme utaanza kuokoa mashine na friji kabla haujaokoa miti ya msitu wa Itombwe, na anayeahidi vinginevyo anauza matumaini.

Lakini kuna jambo ambalo umeme pekee unaweza kulitenda, nalo linamhusu mgeni moja kwa moja. Uvira ni mji wa kipindupindu, na maji yake ya bomba yanategemea pampu. Utafiti uliochapishwa 2015, uliofuatilia mji huo kati ya 2009 na 2014, ulionyesha kuwa siku moja bila maji ya bomba iliambatana na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata, ikilinganishwa na siku ya maji ya kutosha. Umeme ukikatika, pampu husimama. Pampu ikisimama, akina mama huchota ziwani. Hoteli ya ufukweni yenye jenereta yake, kisima chake na paneli zake inaweza kupata cheti cha usafi hatua chache kutoka kwa mchotaji huyo. Naona cheti cha namna hiyo hakina maana. Kipimo cha haki kingeuliza bomba la jirani lilitoka maji siku ngapi mwaka huu, na samaki wa mvuvi, mukeke, alikaa kwenye barafu au aliozea sokoni.

Litabaki pingamizi la amani: kwanza bunduki zinyamaze, ndipo tuzungumze nyaya na wageni. Kwa upande wa wageni, sina la kubishia. Kwa upande wa nyaya, historia ya mto huu inasema tofauti. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliyoundwa 1976 na Kongo, Rwanda na Burundi, ilipooza tangu 1994 na kufufuliwa 2007 tu. Katika miaka hiyohiyo, majeshi ya nchi hizo yakipigana ndani ya Kongo, SINELAC haikuvunjika, kwa sababu kila upande ulihitaji taa zake ziwake.