Kilwa Kisiwani: Bandari ya Mwisho wa Kaskazi

Anayetafuta kisiwa chenye jua, bahari ya samawati na magofu ya enzi za kale huelekezwa na matangazo ya utalii hadi Malta au Krete. Mtanzania hana haja ya pasipoti. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 300 kwa barabara ya kusini, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unafika Kilwa Masoko. Hapo unashuka bandarini, unapanda dau au boti, na muda si mrefu uko Kilwa Kisiwani.

Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba. Mibuyu imesimama katikati ya kuta zilizobomoka, mikoko imeshika kingo, na nyumba za wanakijiji ziko papo hapo kando ya magofu. Hakuna mto wala machimbo ya dhahabu. Sasa mji huu ulitajirikaje?

Ulitajirishwa na upepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na India, kusi ikayarudisha. Nahodha aliyefika Kilwa aliweza kuuza, kununua na kuwahi kusi ya mwaka uleule. Akijasiri kwenda mbele zaidi hadi Sofala, ambako dhahabu kutoka Zimbabwe ilishukia, upepo ungeweza kumwacha huko mpaka msimu mwingine. Watu wa Kilwa walilijua hilo, wakaitia Sofala mkononi mwao. Dhahabu na pembe za ndovu zilipanda kaskazini kwa vyombo vya pwani, na mgeni akakuta shehena inamngoja Kilwa, pamoja na ushuru wake.

Tarihi ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Hadithi tamu, lakini imewafanya wengi waamini kwamba mji uliletwa na jahazi. Neville Chittick, aliyechimba hapo miaka ya 1960, alikuta chini ya majengo ya mawe mabaki ya kijiji cha nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji na dalili za ufuaji wa chuma. Hata tarihi yenyewe inakiri kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe wa kukiuza.

Kilele cha utajiri kilikuwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa nasaba ya Mahdali. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri na sultani kwa ukarimu. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lililojengwa ukingoni mwa genge, lenye birika la pembe nane na ngazi za kushukia baharini. Halikumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu. Msikiti Mkuu ulidumu zaidi: sehemu ya kale ni ya karne ya 11 au ya 12, ukapanuliwa katika karne ya 14 kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa.

Mimi, hata hivyo, hunivutia zaidi sarafu zake ndogo za shaba. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina! Sarafu ya al-Hasan imeokotwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 sarafu kadhaa za Kilwa ziliokotwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na mizinga akadai kodi. Dhahabu aliyoondoka nayo ilitumika kutengeneza chombo cha Ekaristi, kazi ya Gil Vicente iliyokamilika mwaka 1506, na kingali Lisbon. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, ukaporwa, akajenga ngome. Mwaka 1512 Wareno waliihama: waliiteka bandari, biashara ikawaponyoka.

Uhai ulirudi karne ya 18, kwa njia ya aibu. Mwaka 1776 sultani alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata biashara hiyo ikahamia Kilwa Kivinje, bara, zilikoishia njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa. Kisiwa kikabaki na wavuvi. Ngome iitwayo Gereza, inayoonekana leo ufukweni, kwa sehemu kubwa ni ya enzi ya Waomani.

UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani mawimbi yalikuwa yakila kingo na mimea ikipasua kuta. Baada ya ukarabati, yakaondolewa humo mwaka 2014. Mawimbi hayajakoma.

Ukienda, chukua kiongozi wa palepale kisiwani, na usipande juu ya kuta. Ukiona kigae au sarafu mchangani, iache ilipo: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda.