Magudulia ya Sura na Wafinyanzi Wasiotajwa

Gudulia la sura la Edgefield, South Carolina, ni dogo, rangi yake kama zeituni, na usoni macho yametumbuka na meno yako nje, meupe pe. Lilifinyangwa na watumwa wa Kiafrika katikati ya karne ya 19. Kwa muda mrefu ufundi huu ulisifiwa zaidi kama urithi wa familia za Kizungu, hasa ukoo wa Meaders wa Georgia, ulioanza ufinyanzi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Naona urithi huo una wazee waliotangulia, na ushahidi uko kwenye macho yale. Ni ya kaolini, yaani udongo mweupe, na kaolini haisinyai sawa na udongo wa gudulia. Fundi asiye makini hukuta jicho limedondoka tanurini. Aliyetaka pambo tu asingejipa taabu hiyo. Taabu hiyo ilikuwa na sababu: mwaka 1858 meli ya Wanderer ilishusha mateka wapatao 400 kutoka eneo la mto Kongo katika kisiwa cha Jekyll, Georgia, miaka 50 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa, na zaidi ya 100 wakapelekwa Edgefield. Kwa Wabakongo, watu wa eneo hilo la mto Kongo, udongo mweupe ni wa wafu na mizimu. Mwenye kiwanda cha Edgefield, Thomas Davies, alimsimulia baadaye mwanahistoria Edwin AtLee Barber kwamba watumwa wake walikuwa wakifinyanga magudulia hayo mnamo 1862.

Watapinga wengine kwamba Waingereza walikuwa na magudulia yao ya Toby tangu karne ya 18. Kweli, lakini Toby ni mzee mzima aliyeketi na kikombe chake, amepakwa rangi. Linalotaka maelezo hapa ni ule weupe uliopachikwa. Sura peke yake mfinyanzi yeyote angeweza kuibuni. Wengine watasema ukoo wa Meaders ulijitafutia ujuzi wake. Sibishi: Lanier Meaders alistahili tuzo ya taifa aliyopewa mwaka 1983. Ila mfinyanzi Burlon Craig wa North Carolina, aliyetuzwa mwaka uliofuata, alitengeneza meno kwa vipande vya sahani zilizovunjika badala ya kaolini. Weupe ulirithiwa, sababu yake ikaachwa njiani. Majina nayo yalipotea: David Drake, mfinyanzi mtumwa wa Edgefield, alitia jina lake kwenye mitungi yake. Lakini waliofinyanga magudulia ya sura hawakuacha yao. Basi makumbusho yanayoandika “mfinyanzi hajulikani” yaongeze tunachokijua: alikuwa Mwafrika, tena mtumwa.