Ardhi ya Issenye baada ya chama kuachia hatamu

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, si hiari tena, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mwananchi wa shamba awe ndani ya kijiji. Mkoani kwake mwenyewe kazi hiyo iliitwa Operesheni Mara, na ilifanyika 1974. Viongozi wa TANU, maofisa wa wilaya na mgambo walipita mji hadi mji wakiamuru paa zishushwe na nguzo zibebwe. Sehemu nyingi, waliochelewa walitiliwa moto nyumba. Mwaka uliofuata R. R. Matango aliandika juu ya operesheni hiyo katika *Maji Maji*, jarida la vijana wa TANU pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaitazama kama kitendawili cha demokrasia. Jarida la vijana wa chama kuandika hivyo, tena wakati chama kimeshika hatamu, lilikuwa jambo la ujasiri.

Issenye ni kata ya wilaya ya Serengeti, magharibi ya Mugumu na kaskazini ya mto Grumeti. Mtalii anayewahi nyumbu hupita bila kusimama. Lakini kwa anayetaka kujua ardhi hugombewaje pale ujamaa unapoondoka, hapa pana mengi kuliko anavyodhani. Tumezoea kusikia habari hizi za mbali: Nagorno-Karabakh, Kosovo, Crimea. Ni kweli Tanzania haikuwa nchi ya kikomunisti. Hata hivyo ilikuwa na chama kimoja, ardhi ya umma, na vijiji vilivyopangwa na chama, na mambo hayo matatu yanatosha kuzaa ugomvi wa aina ileile, ijapokuwa huku ulikuja bila vifaru.

Masimulizi ya Waissenye yanawapeleka Nyeberekera, ambako leo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Huko walitawanyika katika karne ya 19, miaka ya njaa, maradhi na mashambulizi ya Wamaasai. Walipojikusanya upya walijipanga kwa marika. Waissenye, Waikoma na Wanata waliishi katika makundi matatu yaitwayo saiga, yaani Busaai, Bongirate na Borumarancha, na kila saiga ilikuwa na upande wake wa nchi. Mtu alipata pa kulima kwa kuwa ni wa rika fulani na ukoo fulani, au kwa kuwa kuna mtu wa ukoo huo aliyempokea. Mpaka nao ulikuwa kitu cha kutembelewa: rika lililoshika zamu liliizunguka nchi kwa miguu, likipita kwenye misambwa ya mababu, ili nchi ikae salama na maradhi na maadui. Mpaka wa namna hiyo haukuhitaji kigingi. Watu waliohama waliweza kuhama nao.

Mistari isiyohama ililetwa na serikali. Wajerumani walijenga boma Ikoma. Waingereza wakaifanya Serengeti hifadhi ya taifa mwaka 1951, na 1959, Ngorongoro ilipotengwa ili Wamaasai wabaki na mifugo yao, mipaka ya hifadhi ikachorwa upya. Upande wa magharibi, ambako wakazi walikuwa wakulima na wawindaji, haukupewa Ngorongoro yake. Wamaasai walihesabiwa kuwa sehemu ya mandhari. Hawa wa magharibi walihesabiwa kuwa majangili. Sijaona maelezo mengine yanayotosha. Baada ya uhuru mipaka ya hifadhi iliandikwa tena katika Tangazo la Serikali namba 235 la mwaka 1968.

Miaka sita baadaye vikaja vijiji.

Operesheni Vijiji ya nchi nzima ilikuwa kubwa mno kuliko idadi ya wapimaji wa ardhi waliokuwapo nchini. Kufikia mapema 1977, kwa hesabu za Mwalimu mwenyewe, watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,600. Kazi ya namna hiyo, kwa miaka mitatu, haiwezi kufanywa kwa darubini za upimaji. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mara nyingi kando ya barabara, ili lori la pamba lifike na shule ijengwe karibu. Uwanja wa nyumba ulikatwa kwenye shamba la mtu, na huyo mtu, kama alikuwa na bahati, alipewa uwanja mmojawapo humohumo. Shamba lake jingine, lile la mtama au ulezi kule kwenye mahame, lilibaki na ua wa minyaa na makaburi ya wazee. Hakuna aliyemwambia limekuwa la nani. Hakuna aliyemwambia si lake tena, pia.

Sheria ya vijiji ya 1975 iliupa mkusanyiko huo wa nyumba halmashauri, mwenyekiti na namba ya usajili. Kuhusu haki za aliyekuwapo kwanza ilikaa kimya.

Ukimya huo ulidumu kwa sababu chama kilikuwapo. Balozi wa nyumba kumi alijua nani analima wapi, na kubishana naye kulikuwa kubishana na TANU, baadaye CCM. Zaidi ya hapo, ardhi haikuwa na bei. Ukichukua kipande cha jirani ulipata mavuno ya mtama na lawama za ukoo mzima, basi. Tena miaka ile watu wa Serengeti walikuwa na hofu kubwa zaidi kuliko mpaka wa shamba: wezi wa ng'ombe, ambao baada ya vita vya Kagera walikuja na bunduki, wakaacha mazizi matupu. Anayelala akisikiliza zizi hana muda wa kuchunguza mkonge wa mpakani umesogezwa hatua ngapi.

Halafu dunia ikageuka. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na soko likaanza kurudi. Desemba 1989 Ceaușescu, kiongozi wa Romania, alipigwa risasi baada ya kesi ya siku moja. Miezi miwili baadaye Mwalimu, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, aliruhusu nchi ijadili mfumo wa vyama vingi. Februari 1991 chama kililegeza masharti ya uongozi kule Zanzibar, na wanachama wakaruhusiwa kumiliki yale ambayo Azimio la Arusha liliwakataza. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikazunguka kuuliza wananchi. Takribani asilimia 77 walisema chama kimoja kibaki. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na sheria ikabadilishwa kuanzia Julai 1992. Ulaya ya Mashariki watu walijaa barabarani kukiondoa chama. Kwetu chama kiliwaondolea watu mfumo ambao wengi wao walikuwa wamesema wanautaka. Ndiyo maana mageuzi ya Tanzania yalifika mijini kama siasa na vijijini kama suala la ardhi.

Kwa maana ardhi sasa ilikuwa na bei, na yule wa mahame alikumbuka. Nchi nzima, hasa mikoa ya kaskazini, watu walikwenda mahakamani kudai mashamba waliyopoteza katika operesheni, na wengine walishinda. Serikali iliingiwa na hofu. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzima haki zote za kimila zilizokuwapo kabla ya vijiji, bila fidia, na kuzifungia mahakama mlango.

Aliyeivunja sheria hiyo si mwanasiasa. Ni mkulima wa upande wa Mbulu, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe Joseph. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Nyalali huyuhuyu, ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, kwamba kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki hakukubaliki, na kwamba Bunge haliwezi kumzuia mwananchi asifike mahakamani. Sehemu za sheria ile zikafutwa.

Jibu la Bunge lilikuja 1999, na ni jibu la werevu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 ni halali, uwe ulifuata sheria au ulikwenda kinyume cha sheria. Ni nadra dola kukiri hivyo katika maandishi yake yenyewe. Serikali haikudai kwamba operesheni ilikuwa ya haki. Ilisema tu kwamba historia ya umiliki inaanzia hapo, anayelalamika afuate utaratibu.

Wenzetu walijaribu njia nyingine. Albania, Julai 1991, ilivunja mashamba ya ushirika na kugawa ardhi sawasawa kwa idadi ya watu katika kila kaya, kana kwamba kabla ya ukomunisti hapakuwa na mwenye shamba. Watu wa milimani kaskazini walipuuza sheria hiyo, wakarudi kwenye mipaka ya babu zao, na mashauri ya ardhi yakageuka visasi. Romania mwaka huohuo ilirudisha ardhi kwa waliokuwa wenyewe, lakini si zaidi ya hekta 10, ikajikuta na mlolongo wa kesi. Karibu yetu zaidi ni Ethiopia. Utawala wa kijeshi wa Derg ulitaifisha ardhi 1975. Kiongozi wake, Mengistu, alipokimbia Mei 1991, watawala wapya waliacha ardhi mikononi mwa dola ila wakachora upya majimbo kufuata lugha. Eneo la Welkait likatolewa Gondar likapelekwa Tigray. Miaka 30 baadaye, katika vita vilivyoanza Novemba 2020, majeshi ya jimbo la Amhara yalilichukua tena, na hadi leo ni moja ya mambo magumu kabisa ya amani ya nchi ile.

Ukipima kwa mizani hiyo, kifungu cha 15 kimeokoa damu. Nakiona hivyo, ingawa mwenye mahame ana haki ya kunikasirikia. Tena kina ukoo wake. Julai 1964 mjini Cairo, ni Mwalimu aliyewaongoza wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika kukubali kwamba mipaka ya mkoloni, mibaya kama ilivyo, iheshimiwe. Somalia na Morocco hazikukubali. Mahakama ya Kimataifa iliutumia msimamo huo ilipoamua mgogoro wa Burkina Faso na Mali mwaka 1986. Yugoslavia ilipovunjika, tume ya wanasheria chini ya Robert Badinter iliegemea hukumu hiyo, Januari 1992, ikasema mistari ya ndani ya jamhuri za zamani sasa ni mipaka ya mataifa. Kwa hiyo kanuni iliyotetewa na Mwalimu, mtu wa Butiama, ilikwenda hadi Sarajevo, ambako haikuzuia vita, na ikarudi nyumbani kwa umbo la kifungu cha sheria kuhusu mashamba ya mihogo na pamba.

Lakini kanuni ya kugandisha mstari humfaa yule ambaye mstari umemwacha ndani. Issenye imebanwa na mstari wa pili, ule wa hifadhi, na huo haukuganda mwaka 1977. Katikati ya miaka ya 1990, wakati nchi nzima ikizungumzia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, maeneo ya Grumeti na Ikorongo, ambako uwindaji ulikuwa unadhibitiwa tu, yalipandishwa kuwa mapori ya akiba. Kuokota kuni au kuchunga humo kukawa kosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwekezaji kutoka Marekani alipewa haki za utalii katika mapori hayo, na thamani ya nyika iliyokuwa bure kwa babu ikahesabiwa kwa dola. Vijiji vitano, Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata Mbiso, viliunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ikona, jina lililoungwa kutoka Ikoma na Nata, ili nao wapate mgawo. Hapa ndipo ile ramani ya 1974 ilipogeuka fedha: anayepata mgawo ni kijiji kilichosajiliwa, chenye mpaka unaogusa wanyama, si ukoo wala saiga iliyowahi kuwinda humo.

Upande wa Tarime mistari hiyo miwili imegongana waziwazi. Katika kata zinazopakana na hifadhi, kama Nyanungu na Gorong'a, vigingi vilipowekwa kwa kufuata tangazo la 1968 wananchi walilalamika kwamba vimeingia mashambani mwao. Mwanasheria wa serikali ana jibu rahisi: tangazo ni la 1968, na kifungu cha 15 kinahusu ardhi ya kijiji, si ya hifadhi. Mwananchi naye ana lake: kijiji chake kina namba ya usajili, shule ya serikali na kituo cha kupigia kura, na serikali iliyompa hivyo vyote ni ileile iliyoandika tangazo.

Januari 2019 Rais John Magufuli alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, akaunda kamati ya mawaziri wanane. Hatimaye migogoro iliyopitiwa ilihusu vijiji na mitaa 975, na 920 kati ya hivyo ikaamuliwa vibaki, mipaka irekebishwe. Kwa wakazi ilikuwa nafuu kubwa. Ila kamati ilishughulikia vijiji, maana yake makazi yaliyopo na yanayojulikana na Tume ya Uchaguzi. Dai la Nyeberekera, la watu walioondoka kabla pawepo namba ya usajili wa kitu chochote, halina fomu ya kujaza. Akonaay alikuwa na shamba moja na mtu wa kumshtaki. Saiga haina mahakama ya kwenda.