Zermatt: Kijiji cha Alps kinacholishwa na theluji

KILA Desemba, familia nyingi za Kenya zinapofunga safari kwenda mashambani au pwani, maelfu ya watu barani Ulaya hukwea milima ya Alps kuifuata baridi kali. Wanachokitafuta huko ni theluji.

Miongoni mwa vijiji vinavyowapokea ni Zermatt, katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, karibu na mpaka wa Italia. Kijiji hicho kiko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake hawafiki 6,000, lakini msimu unaponoga wageni huwazidi wenyeji mara kadhaa.

Aliyekiletea sifa ni jirani yake, mlima Matterhorn, wenye kimo cha mita 4,478 na umbo la piramidi. Mnamo Julai 14, 1865, Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walikuwa watu wa kwanza kufika kileleni. Wanne kati yao walianguka na kufa wakati wa kuteremka. Mkasa huo ulisimuliwa Ulaya nzima, na badala ya kuwatisha wageni ukawavuta.

Kabla ya hapo wenyeji walikuwa wakulima na wafugaji, na theluji kwao ilikuwa adha. Ilifunga njia kwa miezi mingi, huku ng'ombe na kondoo wakikaa zizini na kulishwa nyasi zilizokaushwa tangu majira ya joto.

Ushahidi wa maisha hayo bado upo katika mtaa wa kale uitwao Hinterdorf. Yamo maghala ya mbao yaliyoinuliwa juu ya nguzo, na kila nguzo imewekewa bamba la jiwe la mviringo ili panya wasipande. Mkulima wa Afrika Mashariki aliyewahi kujenga ghala la mahindi hahitaji kufafanuliwa maana yake.

Reli kutoka mji wa Visp ilifika Zermatt mwaka 1891, lakini kwa miongo kadhaa treni zilisafiri majira ya joto pekee. Ni mwishoni mwa miaka ya 1920 ambapo zilianza kufika hata wakati wa baridi, na kile kilichokuwa adha kikageuka kuwa riziki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hadi leo magari ya watalii hayaingii kijijini. Mgeni huliacha gari lake Täsch, kilomita tano hivi kabla ya kufika, kisha hupanda treni kwa dakika 12. Ndani ya kijiji usafiri ni wa miguu, wa vigari vidogo vya umeme au wa mikokoteni ya farasi. Kwa sababu hiyo hewa ni safi na usiku ni wa kimya.

Burudani kuu ni kuteleza kwa skii, yaani vibao virefu vyembamba vinavyofungwa kwenye viatu maalumu. Njia za kutelezea huwekewa alama za rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nayo nyeusi ni ya mabingwa. Anayeanza hushauriwa kujiunga na darasa la mwalimu na kukodi vifaa badala ya kuvinunua.

Mchezo huu si wa Wazungu pekee. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya mwaka 1998 na kuhamia Austria akiwa mtoto mdogo, alijifunza kuteleza katika milima hiyo ya Alps. Mnamo 2018 aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Pyeongchang, Korea Kusini.

Asiyetaka kuteleza naye ana lake. Treni ya Gornergrat, iliyoanza kazi mwaka 1898, humpandisha abiria hadi mita 3,089 kwa muda wa nusu saa hivi, akiwa ameketi mahali penye joto huku akitazama vilele na mito ya barafu. Jioni watu hukusanyika mezani kula jibini iliyoyeyushwa, ama kwa kuchovya mkate chunguni, ama kwa kuimwagia viazi.

Hata hivyo, raha hiyo ina masharti. Theluji nyingi inapolundikana kwenye miteremko huweza kuporomoka ghafla na kufukia kila kilicho mbele yake. Katika msimu wa baridi wa 1950 na 1951, maporomoko ya aina hiyo yaliwaua watu 98 nchini Uswisi.

Mnamo Januari 2018, hatari ilipofika kiwango cha tano, ambacho ndicho cha juu kabisa, barabara na reli ya Zermatt zilifungwa. Watalii wapatao 13,000 walikwama kijijini, na baadhi wakasafirishwa kwa helikopta.

Taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutangaza kiwango cha hatari kila siku wakati wa msimu. Wengi wanaofukiwa nje ya njia rasmi huwa wameyaanzisha maporomoko hayo wao wenyewe au wenzao, na aliyefukiwa asipotolewa katika dakika chache za kwanza, matumaini hupungua upesi. Hapa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na pengine hupoteza uhai.

Mkenya anayepanga safari kama hiyo huhitaji viza ya Schengen, ambayo haitolewi bila bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Inafaa ahakikishe kuwa bima hiyo inagharimia pia michezo ya theluji na uokoaji milimani. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi ni lazima, kwa kuwa theluji hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua usoni.

Wasiwasi mkubwa wa wenyeji leo ni kupungua kwa theluji yenyewe. Mito ya barafu ya Uswisi ilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka ya 2022 na 2023 pekee. Mwishoni mwa Julai 2022, joto lililazimisha kusimamishwa kwa skii ya majira ya joto juu ya Zermatt. Mitambo ya kutengeneza theluji husaidia, lakini nayo huhitaji maji, umeme na baridi ya kutosha.

Wanaoishi chini ya Mlima Kenya, ambao wameshuhudia barafu ya kilele chao ikiyeyuka mwaka baada ya mwaka, wanaielewa hofu hiyo. Tofauti ni kwamba kule Zermatt theluji ikikoma, hoteli, shule za skii na treni za majira ya baridi zitapoteza kilichozileta wageni.