Mti wa Mpira Nyumbani Kwao

Vitabu vya jiografia vya zamani vilimfundisha mwanafunzi kwamba mpira hutoka Malaya. Katika mtihani jibu hilo lilipata alama zake zote, na mtoto akaenda nyumbani asijue kwamba mti wenyewe ni mgeni huko. Kwao ni misitu ya bonde la Mto Amazon, hasa kusini ya mto huo, katika nchi za Brazili, Bolivia na Peru.

Wataalamu wa mimea huuita Hevea brasiliensis, nao ni wa ukoo mmoja na mhogo, mbarika na mnyaa. Msituni hufikia urefu wa meta 30 hata 40. Kila kikonyo hubeba vijani vitatu. Maua ni madogo, ya manjano, yenye kunukia. Tunda lina vyumba vitatu, na likikauka hupasuka kwa kishindo likarusha mbegu mbali. Mbegu zina madoadoa, huelea majini, na zinazoangukia mtoni wakati wa mafuriko huliwa na samaki. Lakini hazikai: majuma machache tu zinapoteza uwezo wa kuota. (Mti huu usichanganywe na ule ambao Wajerumani waliupanda Tanga kabla ya 1914, ambao majani yake twayapika kisamvu. Ule nao asili yake ni Brazili, ila ni ndugu wa karibu zaidi wa mhogo.)

Tabia iliyoutia mti huu katika historia ni kwamba nyumbani kwao hauishi kwa makundi. Hapa utauona mmoja, na mwenzake yuko mbali, katikati ya miti ya kila namna. Kuna kuvu aishiye huko huko Amazon ambaye hushambulia majani yake machanga. Mti uliotengwa na wenzake huponyoka. Iliyobanana huambukizana, hupukutika majani mara kwa mara, na mwisho hufa.

Utengano huo ndio uliopanga maisha ya watu. Mgema wa Amazon alikata njia msituni yenye miti 100 au 200, akaipita alfajiri akichanja magome, kisha akarudi kukusanya utomvu na kuukausha kwa moshi. Bwana wa mpira hakuweza kuweka mnyapara katika kila njia. Aliweka deni. Mgema, ambaye mara nyingi alikuwa amekimbia ukame mkubwa wa 1877 hadi 1879 katika jimbo la Ceará, alikopeshwa unga, kisu na bunduki kwa bei ya kuumiza, akalipa kwa mpira uliopimwa na mkopeshaji mwenyewe. Deni halikuisha. Wakati huo huo mji wa Manaus ulijenga jumba la opera la fahari, lililofunguliwa mwaka 1896. Mimi kila nionapo picha ya jumba lile huwafikiria wale wa njiani.

Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zipatazo 70,000 kutoka Mto Tapajós hadi bustani ya Kew, London. Wengi humwita mwizi, ingawa wakati huo Brazili haikuwa na sheria ya kukataza jambo hilo. Zilizoota hazikufika 3,000. Miche mingi ilipelekwa Ceylon, na mwaka 1877 michache, 22 tu, ikafika Singapore. Mbegu zilivuka bahari, kuvu akabaki. Basi huko Asia mti uliweza kupandwa kwa safu kama mkonge, na kufikia 1913 mpira wa mashambani ulikuwa umeuzidi ule wa msituni. Manaus ikazimika kama taa iliyokwisha mafuta.

Henry Ford, tajiri wa magari, alidhani kosa lilikuwa la Wabrazili. Mwaka 1927 alipata ardhi kubwa kando ya Tapajós, akajenga mji wa Fordlandia na kupanda miti kwa safu za karibu karibu. Kuvu alikuwa nyumbani kwake. Akaruka kutoka jani hadi jani. Mwaka 1934 Ford alianza shamba jingine, Belterra, na maradhi yakamfuata. Mwaka 1945 yote mawili yaliuzwa kwa serikali ya Brazili kwa bei ya kutupa.

Leo sehemu kubwa kabisa ya mpira wa asili duniani hutoka Asia, Thailand ikiongoza, na Brazili hununua nje mpira mwingi inaoutumia. Matairi ya ndege hayatengenezwi bila mpira huo. Lakini miti ya Asia, kwa sehemu kubwa, ni uzao wa ile miche michache ya Wickham, na hivyo urithi wake ni mwembamba. Kuvu yule bado hajavuka bahari. Nchi za huko zinaikagua kwa ukali mimea itokayo Amerika ya Kusini, maana vumbi la ugonjwa huo laweza kusafiri hata juu ya viatu vya abiria.