Niemba na Nakala ya Pili

Huenda jina la Niemba linatajwa mara nyingi zaidi Dublin kuliko Kinshasa. Ni kijiji cha stesheni, magharibi ya Kalemie, kwenye reli inayotoka Ziwa Tanganyika kwenda Kabalo kwa kufuata bonde la mto Lukuga. Mtu akitaka kusoma yaliyotokea hapo tarehe 8 Novemba 1960, atazikuta nyaraka Ireland, kwenye hifadhi ya jeshi, na nyingine New York, kwenye makabati ya Umoja wa Mataifa. Wenyeji wana masimulizi ya wazee wao. Ajabu ni kwamba sehemu hiyo ilitawaliwa na watu waliopenda sana karatasi, tena waliozoea kuandika jambo moja mara mbili.

Karatasi ilikuja na treni. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ilipewa kazi ya kuunganisha sehemu za Kongo ya juu zinazopitika kwa meli na kuifikisha njia hiyo kwenye Maziwa Makuu. Kipande cha Kabalo hadi ziwani, kilomita 273, kilikamilika mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto. Oktoba ya mwaka huohuo reli hiyo ilibeba boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka London kupitia Cape Town ili zikapambane na meli za Wajerumani. Zilipita Niemba zikiwa juu ya mabehewa. Vita ilipokwisha, Albertville, yaani Kalemie ya leo, ikakua kuwa mji wa bandari, wa makarani na wa madaftari.

Daftari la Mbelgiji lilikuwa na pacha wake. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo Ubelgiji iliirithi, iliagiza kwamba vizazi, ndoa na vifo viandikwe katika rejista mbili zinazofanana. Mwaka ukiisha rejista hufungwa. Moja hubaki kwenye hifadhi ya mji, nyingine hupelekwa kwa karani wa mahakama. Ofisi moja ikiungua, nyingine bado inajua nani alizaliwa lini na nani alimuoa nani. Desturi hiyo ilivuka bahari na watawala, ingawa kwa miaka mingi ofisi ya etasivili, yaani ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, ilimhudumia Mzungu kwanza, naye Mwafrika alihesabiwa zaidi katika madaftari ya sensa na kodi.

Kwenye ardhi desturi hiyo inaonekana hadi leo. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inataka cheti cha uandikishaji kitengenezwe nakala mbili: moja ni ukurasa wa kitabu cha msajili wa hati za ardhi, nyingine hukabidhiwa mwenye kiwanja. Anayetaka kughushi hana budi kuzifikia zote mbili, na moja iko sandukuni kwa mtu.

Kanisa nalo lilifanya vivyo hivyo. Mapadri Weupe walichukua kituo cha Mpala, kusini mwa Kalemie, mwaka 1885, kutoka mikononi mwa maofisa wa chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wakafuata utaratibu wa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ikamwagiza kila paroko apeleke kwa askofu, kila mwisho wa mwaka, nakala halisi ya vitabu vya parokia. Katika nchi ambayo mvua, mchwa na moto hula karatasi bila kuchagua, agizo hilo limewaokoa wengi waliohitaji kuthibitisha umri wao.

Ukiyapanga pamoja mazoea hayo ya serikali, ya ardhi na ya Kanisa, unapata masharti matatu. Nakala ziwe mbili. Ziseme neno lilelile. Zilale chini ya mapaa tofauti.

Mwaka 1960 ulizijaribu karatasi zote za upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kaskazini mwa jimbo hilo Waluba wengi walikataa; chama chao cha BALUBAKAT, kikiongozwa na Jason Sendwe, kilitaka Kongo moja. Askari wa Tshombe walipoingia kuwatiisha, vijana walijibu kwa pinde, mikuki na marungu, wakakata miti kuziba barabara na kuvunja madaraja. Oktoba, Niemba yenyewe ilishambuliwa na kuchomwa. Kikosi cha 33 cha Ireland, kilichokuwa Albertville chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kikaweka kambi ndogo kijijini.

Tarehe 8 Novemba Luteni Kevin Gleeson alitoka na wanajeshi 10 kwenda kwenye daraja lililovunjwa juu ya mto Luweyeye. Wapiganaji Waluba wakatokea msituni. Simulizi zilizoandikwa Ireland zinasema luteni aliwaamkia kwa neno moja la Kiswahili: Jambo. Salamu haikusaidia. Kwa watu ambao vijiji vyao vilikuwa vimechomwa na wanajeshi wenye sare na bunduki, wageni hawa hawakuwa na alama ya kuwatofautisha na maadui. Waairishi tisa waliuawa, wawili wakanusurika: Joseph Fitzpatrick na Thomas Kenny. Waluba nao walikufa, lakini idadi yao hutajwa kwa kukadiria tu.

Maiti zilirudishwa kwa ndege. Mazishi ya Dublin, mwishoni mwa Novemba, yaliwatoa watu barabarani kwa mamia ya maelfu. Tangu hapo Niemba ikawa na makao mawili: moja bondeni kwa Lukuga, jingine katika kumbukumbu za taifa la mbali.

Ila nakala ya mbali ina dosari yake. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Anthony Browne, ambaye mwili wake ulipatikana miaka miwili baadaye. Ireland ilimpa nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa wa kijeshi, naye akawa wa kwanza kuipata. Hati ya nishani ilieleza kwamba angeweza kukimbia lakini alichagua kubaki na mwenzake aliyejeruhiwa. Maelezo hayo yalirudiwa kwenye magazeti, vitabu na hotuba kwa miongo kadhaa, na kila aliyeyanakili aliongeza uzito wake. Manusura walikuwa na kumbukumbu nyingine, wakalalamika kwa miaka mingi, hadi jeshi likakubali kwamba Browne hakufia mahali pa shambulio. Alikuwa ametoroka, akauawa baadaye. Maandishi yote yalikuwa yamefanana kwa sababu yote yalitoka kwenye chanzo kimoja.

Wakati Niemba ikiwa bado jeraha bichi, mafundi wa kompyuta ng'ambo walikuwa na tatizo lililofanana na la karani wa etasivili. Diski ya kompyuta ni chombo kinachozunguka, na kila kinachozunguka kitasimama siku moja. Benki haiwezi kumwambia mteja kwamba akaunti yake imesimama nayo. Mwaka 1976 kampuni ya Marekani Tandem Computers ilitoa mashine zake za NonStop, zilizoundwa ili zisizimike hata kifaa kimoja kikifa, na diski zake ziliweza kufungwa kwa jozi. Kila kilichoandikwa kwenye diski moja kiliandikwa pia kwenye pacha wake.

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha hoja kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zikipangwa vizuri zinaweza kuishinda diski moja kubwa ya gharama. Walipanga njia zao kwa ngazi tano. Ngazi ya kwanza ni diski pacha, njia rahisi kueleweka na ghali kuliko zote kwa nafasi: ukinunua diski mbili za terabaiti 4, unapata terabaiti 4 tu. Nusu ya fedha yako imelipia utulivu wa moyo.

Leo kazi hiyo haihitaji mashine ya benki. Mfumo wa Linux hauuzwi, na programu ya mdadm, iliyoanza kuandikwa na Mwaustralia Neil Brown mwaka 2001, huunganisha diski mbili za kawaida zikaonekana kama moja. Fundi huchagua diski zenye ukubwa sawa, ikiwezekana zisizotoka kwenye kundi moja la kiwandani, maana zilizozaliwa pamoja huelekea kufa pamoja. Huzigawa sawasawa, huzifunga jozi, kisha huiacha mashine inakili hadi ziwe sawa. Programu ya kuwashia seva lazima iwekwe kwenye zote mbili. Wengi huiweka kwenye ya kwanza tu, na siku hiyo ya kwanza ikifa, pacha anabaki na data zote lakini seva haiwaki.

Baada ya hapo ni uangalizi. Faili moja ndogo ya mfumo huonyesha hali ya jozi kwa herufi: [UU] maana yake wote wazima, [U_] maana yake mmoja ameanguka. Seva huendelea kufanya kazi kama kawaida katika hali ya pili, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Asipokuwapo wa kutazama, wala barua pepe ya onyo, miezi inapita watu wakidhani wana diski mbili. Diski mpya ikiwekwa, kunakili terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua saa saba na zaidi, na katika saa hizo zote iliyobaki ndiyo tegemeo la pekee.

Penye umeme wa kukatika, kama miji mingi ya mashariki mwa Kongo, kuna jambo la kuongeza. Umeme ukizimika katikati ya kuandika, diski moja inaweza kuwa na neno ambalo pacha wake hajalipata. Mfumo hutunza ramani ndogo ya sehemu zilizokuwa zikiandikwa, ili ukirudi urekebishe hizo tu badala ya kusoma diski nzima. Betri ya akiba inayoipa seva dakika chache za kujizima kwa utaratibu inabaki kuwa kinga bora.

Sasa irudiwe hesabu ya yale masharti. Diski pacha zimetimiza la kwanza na la pili kuliko karani yeyote: nakala ni mbili, na zinafanana hadi herufi ya mwisho, papo hapo. Sharti la tatu zimeliacha. Zote ziko ndani ya sanduku moja, chini ya paa moja, kwenye waya mmoja wa umeme. Tena zinafanana kupita kiasi: mtu akifuta rejista kwa makosa, au akiandika tarehe ya uongo, kosa linaingia pande zote mbili kwa nukta hiyohiyo. Pacha hukinga kifo cha kifaa. Hakingi moto, wizi, mafuriko wala mkono wa mwandishi. Kwa hayo inatakiwa nakala ya akiba, inayochukuliwa kwa tarehe na kupelekwa mbali, kama ile ya paroko kwenda kwa askofu.

Kalemie inazo sababu za kulitilia maanani jambo hili. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.8 lilitikisa Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba mjini. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia mitaani na kuhamisha watu. Kabla ya hayo yote mji ulipitia vita vya 1998 hadi 2003. Nayo makao ya utawala yamehamahama: Albertville ilikuwa makao makuu ya jimbo la Katanga Kaskazini miaka ya 1960, baadaye mambo yakaamuliwa Lubumbashi, na mwaka 2015 Tanganyika ikawa jimbo lenye makao Kalemie. Serikali ikihama, mafaili huhama nayo, na si yote hufika.

Mzazi wa Niemba leo ana siku 90 za kuandikisha mtoto tangu azaliwe, kwa mujibu wa Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016. Rejista yake ikiingizwa kwenye seva ya Kalemie, diski pacha zitaifaa sana, mradi nakala nyingine ilale Lubumbashi au Kinshasa, na mradi karani aulize mara mbili kabla ya kuandika.

Lipo pia deni la zamani. Mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, umeonyesha namna ya kufanya: karatasi asili haiondoki nchini mwake, picha zake hutunzwa hapo na mahali pengine pia. Kwa Niemba mambo yamekaa kinyume; karatasi ziko nje, na nyumbani zinahitajika nakala. Vyuo na ofisi za jimbo la Tanganyika vina haki ya kuziomba Dublin, New York na Brussels picha za nyaraka hizo, na ya kuwarekodi wazee wa Waluba ambao bado wanakumbuka, kabla upande wao haujapotea. Diski mbili za kuziwekea hazigharimu hata kiwanja kidogo mjini Kalemie.